MSIMU UKIISHA, MJI UNAKULA NINI?

Msomaji wangu, ukitaka kuijua Omurushaka usiulize ramani, uliza mwezi. Ukiteremka pale njia panda mwezi wa saba utadhani umeteremkia kwenye harusi. Malori yamejipanga, makuli wanabeba magunia huku wanaimba, nyama inachomwa hadi usiku wa manane, na vijana wa bodaboda hawana hata muda wa kupiga soga. Gesti zimejaa. Kinyozi ana foleni. Hata yule jamaa aliyekuwa anakukwepa kwa ajili ya deni lako la mwaka jana, leo anakuita kwa mbali, "Kaka, njoo ule kitu!"

Sasa rudi mwezi wa pili. Loo! Barabara ni ile ile, vibanda ni vile vile, lakini mji umenywea. Mama lishe anapika nusu sufuria. Bodaboda kumi wanagombea abiria mmoja, naye abiria mwenyewe anaomba apunguziwe. Muuza duka ametundika kile kibao chake cha "Leo fedha, kesho mkopo", na usithubutu kumwambia kuwa kesho imefika, mtakosana.

Kwa wasiopajua, Omurushaka ipo wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, pua na mdomo na Kayanga yaliko makao makuu ya wilaya. Ukishika njia ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, utafika hadi Murongo, na ukivuka mto Kagera uko Uganda. Bahari hakuna. Kutoka hapa hadi pwani ni zaidi ya kilomita 1,000. Lakini nakwambia, mji huu na miji ile ya ufukweni yenye watalii ni ndugu wa toka nitoke. Wenzetu wanasubiri wazungu, sisi tunasubiri kahawa. Swali ni moja tu: wageni wakishaondoka, au kahawa ikishakwisha, wenyeji wanaishije?

NDUGU ZETU WA PWANI

Vijana wengi wa huku wanaiota Zanzibar. Nani asiyeiota? Mchanga mweupe, dola, muziki, na picha za kuwarushia washikaji walioachwa kwenye migomba. Na kweli watalii wapo, mwaka 2024 peke yake Zanzibar ilipokea zaidi ya 700,000. Wengi mnapanda basi, mnavuka na boti, mnaishia Nungwi au Paje kutafuta kazi ya hoteli.

Ila kuna kitu hakisemwi kwenye zile picha. Ufukwe nao una mwezi wa saba na mwezi wa pili wake. Kuanzia Juni hadi Oktoba hoteli zinafurika, halafu Desemba hadi Februari zinafurika tena. Ikija masika, Aprili na Mei, kimyaa! Hoteli nyingine zinafunga kabisa kufanya matengenezo, na wafanyakazi wanaambiwa wapumzike nyumbani. Kupumzika huko, bwana, mara nyingi hakuna mshahara. Kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi Zanzibar kilipandishwa mwaka 2024 hadi shilingi 347,000 kwa mwezi, na si haba. Lakini kima cha chini kinamsaidia aliye kazini. Aliyeambiwa "tutakupigia simu" hakimhusu.

Na mwenye nyumba? Yeye hana masika. Kodi yake inahesabiwa Aprili kama inavyohesabiwa Agosti.

Sasa ukichunguza nani anaivuka Aprili salama pale Paje au Jambiani, utaona si lazima awe mwenye mshahara mkubwa. Mara nyingi ni mwenyeji mwenye nyumba ya ukoo ambaye halipi kodi, ambaye kaka yake ana ngalawa, na mama yake analima mwani pale pale maji yanapokupwa. Kilimo hicho cha mwani wa biashara kilianza pwani ile mwaka 1989, na walioshika usukani ni akina mama. Anayeumia ni mpangaji, kijana wa kuja, ambaye kila kitu chake, kuanzia chumba hadi kitunguu, kinanunuliwa.

Usidhani ni umaskini wa Kiafrika huo. Kule Marekani kuna kisiwa cha matajiri kinaitwa Martha's Vineyard. Marais wanakwenda kupumzika huko. Lakini mwalimu na fundi bomba wa kisiwa hicho, wengi wao wakifika kiangazi wanafungasha virago na kutoka kwenye nyumba walizopanga tangu majira ya baridi, maana mwenye nyumba anapata zaidi kwa kumpangisha mtalii kwa wiki kuliko mwenyeji kwa mwezi. Huko Uingereza nako, mji wa pwani wa St Ives ulipiga kura mwaka 2016, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walisema nyumba mpya zikijengwa ziwe za watu wanaoishi pale mwaka mzima, zisiwe za matajiri wanaokuja wiki mbili kuota jua.

Umeona kizaazaa hicho? Wenzetu msimu ukifika ndio wanafukuzwa nyumba. Sisi wa Omurushaka tunafukuzwa msimu ukiisha. Tofauti ni mwezi tu.

KAHAWA HAINA MKATABA NA MTU

Turudi nyumbani. Kahawa ya Karagwe, nyingi ikiwa robusta, inaanza kuchumwa kama mwezi wa tano. Inaanikwa, inakauka, inauzwa ikiwa na maganda yake. Kuanzia Juni hadi kama Oktoba pesa inatembea. Mkulima akilipwa, anaezeka nyumba, fundi anapata. Fundi akipata, anakula nyama, muuza nyama anapata. Muuza nyama akipata, ananyoa na kununua shati la mtumba. Yaani shilingi moja ya kahawa inazunguka mji mzima kabla haijalala. Ndiyo maana hata wewe usiye na mti hata mmoja wa kahawa, wewe kinyozi, wewe dada wa saluni, unaishi kwa kahawa. Usijidanganye.

Tatizo la kahawa ni kwamba bei yake inapangwa na watu wasiokujua. Mwaka 1989 ule mpango wa dunia wa kugawana soko la kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikaruka juu, na huku watu wakaoa. Kufikia mwaka 2001 ikawa chini kupindukia, hadi wengine wakaitazama mibuni yao kama kuni. Halafu Septemba 2024 robusta kwenye soko la London ikavuka dola 5,000 kwa tani moja. Ukiwa Omurushaka humjui hata mmoja wa hao wanaouza na kununua kwenye soko la London, lakini wao ndio wanaoamua kama Krismasi utakula kuku au utasikia harufu yake kwa jirani.

Zamani, kahawa ilipopita kwenye ushirika peke yake, mkulima alilipwa kwa awamu. Kulikuwa na malipo ya awali, halafu huko mbele, wakati mwingine ukiwa umeshasahau, malipo ya pili. Watu walilalamika sana, na walikuwa na haki, maana pesa ilichelewa na nyingine ilipotelea njiani. Lakini wazee watakwambia jambo moja: ile pesa ya pili ikija mwezi mkavu ilikuwa kama mvua. Leo pesa inakuja mara moja kwenye simu, na kwa mara moja hiyo hiyo inaondoka. Kujipangia awamu ni kazi yako mwenyewe.

MBINU ZA KUVUKA MIEZI MIKAVU

Sasa watu wanavukaje? Kaa vijiweni pale stendi wiki moja utazisoma mbinu zote.

Ya kwanza ni kubadili kazi kama kinyonga. Julai anabeba magunia, Septemba mvua ikianza analima kibarua, Novemba anakesha na taa kutega senene. Msicheke nyie wa Dar, senene ni fedha, na kwa wiki chache hizo wanaompita mfukoni ni wachache! Januari ananunua maharage yaliyovunwa anayasubirisha bei. Huyo ukimuuliza "Unafanya kazi gani?" atakuuliza "Mwezi gani?"

Ya pili ni mchezo na VICOBA. Akina dada wa sokoni ni hodari hapa. Kila wiki wanachanga, na mjanja anaomba zamu yake ya kupokea iangukie Januari, siyo Agosti. Agosti pesa ipo kila kona, ya nini kupokea? Januari ndipo mtoto anataka sare na madaftari. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, ni kweli, lakini sare haijawahi kuwa bila ada.

Ya tatu ni mali kauli. Muuza duka anachukua mzigo kwa tajiri, analipa akishauza. Wateja nao wanachukua kwake kwa daftari. Mji mzima unadaiana, na deni lote linasubiri maua ya kahawa yawe kahawa. Hii siyo mbaya kama wote ni waaminifu. Mmoja akitoroka, wote wanapiga miayo.

Ya nne sasa ndiyo inayonitoa machozi. BUTURA. Kwa msiojua, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine hata ikiwa ua. Mtu ana shida Januari, anakwenda kwa mwenye mshiko, anapewa pesa kidogo, na kahawa ya msimu ujao inakuwa si yake tena. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme unapewa 50,000 kwa ahadi ya gunia moja la kilo 50. Ikifika Julai na kilo ikawa 3,000, gunia lako ni 150,000. Kwa hiyo umekopa 50,000 umelipa 150,000 ndani ya miezi sita! Benki gani duniani ina riba hiyo? Hata wale wa mikopo ya kausha damu mjini wanaweza kukuvulia kofia. Serikali imeikataza butura mara kwa mara, lakini katazo halimlishi mtoto usiku wa Januari, na biashara inaendelea gizani.

Mkishauza kahawa mtini, msimu ukija mnakuwa wageni kwenye harusi yenu. Malori yanapita, nyama inachomwa, na wewe unanusa tu.

WEWE SI MTU WA JULAI

Haya, vijana, karibuni kwenye hesabu yenu. Chukua kijana mmoja, tumpe namba za mfano. Miezi mitano ya msimu anapata 250,000 kila mwezi. Jumla 1,250,000. Miezi saba iliyobaki anaokoteza 80,000 kila mwezi. Jumla 560,000. Ukijumlisha mwaka mzima ni 1,810,000. Gawanya kwa miezi kumi na miwili, unapata kama 150,000 na ushee.

Umeona? Kijana huyu ni mtu wa laki moja na nusu. Lakini Julai anatembea kama mtu wa laki mbili na nusu! Anahama geto la 20,000 anakwenda la 40,000 lenye vigae. Ananunua simu. Anamwambia mchumba, "Mama, chagua unachotaka." Ikifika Februari anakuwa mtu wa 80,000 anayeishi kwenye nyumba ya mtu wa 250,000. Hapo ndipo kasheshe linapoanza. Mwenye nyumba anagonga saa kumi na mbili asubuhi, na kijana anajifunza kulala bila kukoroma.

Na mwenye nyumba wetu mnamjua. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Vijana wengi wanamlaani. Mimi nasema hivi: kwenye mji wa msimu, hiyo laana inaweza kugeuzwa baraka. Ukiwa na pesa Agosti, lipa kodi hadi Agosti nyingine. Kama chumba ni 20,000, ni 240,000 tu, na hapo umeshafunga mlango wa aibu kubwa kuliko zote. Njaa ya tumbo unaweza kuificha, ila godoro lako likiwa nje kila mtu analiona.

Kuna na hili la pikipiki ya mkataba. Tajiri anakupa pikipiki, wewe unapeleka hesabu kila siku, ukimaliza mkataba chombo kinakuwa chako. Ni mpango mzuri na umewatoa wengi. Lakini angalia unasaini mwezi gani. Wengi wanasaini Julai, wakiwa wanaingiza pesa hadi wanasahau kula. Tuseme hesabu ni 8,000 kwa siku. Julai hiyo ni pesa ya asubuhi tu. Februari unazunguka mchana kutwa unapata 6,000, na tajiri anataka 8,000 yake ile ile. HESABU HAIJUI MSIMU. Ukishindwa siku kadhaa, chombo kinarudi kwa mwenyewe pamoja na jasho lako la miezi saba. Kabla hujasaini, muulize tajiri uso kwa uso, "Mzee, miezi ya mvua tunafanyaje?" Akikasirika, huyo si wa kufanya naye kazi.

KAPU LA NYUMBANI

Nimeeleza mbinu nne, lakini ile kubwa kuliko zote watu hawaitaji kwa sababu wanaiona ya kawaida mno. Ni KIBANJA. Lile shamba la nyumbani lenye migomba, mibuni na maharage chini yake.

Mtazame dada wa saluni. Pato lake la Februari haliwezi kumlisha hata siku kumi. Anaishije? Jumapili anapanda kwenda kijijini, anarudi na mkungu wa ndizi, maharage, parachichi na kuni. Mama yake hamtozi hata senti. Huo ndio mshahara wake wa pili. Mji wa Omurushaka hauna hela ya kuwalisha watu wake mwezi wa pili. Vijiji vinavyouzunguka ndivyo vinavyoulisha, kimya kimya, juu ya keria za baiskeli. Kahawa inachumwa mara moja kwa mwaka, lakini mgomba hauna likizo. Ni sawasawa na yule mwenyeji wa Paje mwenye nyumba ya ukoo na mwani wa mama. Anayesalimika kwenye mji wa msimu ni yule mwenye kitu kisichofuata msimu.

Na hicho ndicho vijana mnachokiuza! Ndiyo, ninyi mnaosoma hapa mkikunja sura. Mzee akifariki, kabla ya arobaini mmeshapima hatua. Huyu anataka pikipiki, huyu nauli ya Zanzibar, yule mtaji wa duka la simu. Kibanja kinakwenda kwa mtu mwenye fedha, mara nyingi mtu aliyenunua vya wenzenu watatu tayari. Pikipiki ina miaka mitatu, mgomba unazaa machipukizi na kujirudia hadi mjukuu wako aote mvi. Hiyo ni hesabu ya aina gani?

Wenzetu wa pwani wameshaipita njia hii. Wengi waliuza viunga vya minazi vya ufukweni kwa bei ya kutupa, enzi ambazo mchanga ulionekana hauna faida. Leo watoto wao wanaomba kazi ya kufagia pale pale baba alipokuwa anaangua nazi. Masika ikifika, hoteli inafunga geti, na nazi za kuchemshia kisamvu wananunua.

Sisemi kijana asiondoke. Nenda! Nenda Zanzibar, nenda Mwanza, hata Kampala ukajaribu. Kaza buti. Nasema usikate mgomba ili upate nauli. Kama mnagawana kibanja, gawaneni mazao, msigawane ardhi vipande vya kupimwa kwa kamba. Kama lazima uuze kitu, uza simu. Na mwezi mkavu ukikubana, kopa ndizi kwa mama kabla hujakopa pesa kwa mtu wa butura. Mama akikudai sana, atakudai salamu.

Kwa hiyo wiki hii naacha kazi moja ya nyumbani. Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili, kila mmoja na pato lake la kweli, siyo la kujisifu mbele ya mchumba. Gawanya. Ile namba utakayoipata ndiyo wewe. Ikiwa inalipa chumba na ndizi zinatoka nyumbani, unaishi. Ikiwa hailipi, afadhali ujue leo kuliko kuambiwa na mwenye nyumba Februari, saa kumi na mbili asubuhi.

Tukutane wiki ijayo. Na wewe uliyekwisha kuuza kahawa mtini, pole, lakini usirudie.